Taser za polisi haziui kweli, au tunapigwa changa la macho?

#1 Mdadisi
Wakuu salama? Kuna jambo linanisumbua siku nyingi, naomba tulijadili kwa hoja. Hizi bunduki za shoti wanazobeba polisi nchi nyingi, Taser, zinanadiwa kwamba ni silaha isiyoua. Mtu anapigwa, anakakamaa, anaanguka, anafungwa pingu, baada ya muda mfupi yuko mzima anajibu maswali. Sasa mbona kila mara tunasikia fulani kapigwa shoti na polisi kafia palepale au njiani kwenda hospitali? Reuters mwaka 2017 walitoa uchunguzi wao, walikusanya vifo zaidi ya 1,000 Marekani pekee vya watu waliokufa baada ya polisi kuwapiga Taser. Zaidi ya elfu wakuu. Dai langu ni hili: kitu chenye volti 50,000 hakiwezi kuitwa salama, na wanaokiita salama ni walewale wanaokiuza. Karibuni mafundi umeme, madaktari, wanasheria, na kama kuna askari humu aseme ukweli wake.

#2 Siti ya Dirishani
Nimekaa paleee nasubiri wajuzi.

#3 Fundi Saketi
Mkuu #1 hapo kwenye volti umeteleza. Volti peke yake haiui, kinachoua ni mkondo unaopita mwilini, unapita wapi na kwa muda gani. Ukivua sweta siku ya hewa kavu zile cheche zinazolia zinafika volti maelfu na hakuna anayekufa. Hizo 50,000 ni za kurusha cheche ivuke nguo ifike kwenye ngozi, kishale (bunduki inarusha viwili vyenye nyaya) kikishashika mwili volti inashuka sana, kwa ile modeli ya X26 iliyotumika miaka mingi inabaki kama 1,200 hivi na wastani wa mkondo ni miliampea 2 na kitu. Alafu sio umeme unaotiririka moja kwa moja, unakuja kwa midundo mifupi mno, kama 19 kwa sekunde, ndio inayokaza misuli. Ukivuta kifyatulio mara moja inapiga sekunde 5 inakata yenyewe. Ila hapa ndo pa kuangalia: kwenye hizo X26 askari akiendelea kushikilia kidole haikati, na hakuna kinachomzuia kufyatua tena na tena.

#4 Chachu
Fundi umesomeka vizuri sana ila maiti haisomi ampea. Mtu kafa, wewe unatupa hesabu.

#5 Fundi Saketi
@Chachu hesabu ndio inakwambia kafa kwa nini. Bila hiyo utamlaumu asiyehusika na mwenye kosa atapita nyuma ya mlango.

#6 Nesi wa Zamu
Niko kitengo cha dharura, hawa watu wanaletwa kwetu na polisi vishale bado vimeganda mwilini na nyaya zimekatwa zinaning'inia. Kishale kina ncha ndogo yenye kimiba, urefu kama sentimita moja. Unakaza ngozi kwa mkono mmoja, unakamata kishale, unakichomoa kwa mvuto mmoja kunyooka, unasafisha, unauliza habari za chanjo ya pepopunda, basi. Kikiwa jichoni, shingoni au sehemu za siri hatugusi, anaitwa daktari. Wengi wanatoka siku hiyohiyo na makovu mawili madogo.

Wanaonitisha sio hawa wanaopiga kelele na kututukana. Anayenitisha ni yule aliyenyamaza ghafla, mwili unachemka, jasho linamtoka, ndani ana dawa za kulevya, amekimbizwa, amepigwa shoti mara kadhaa, kisha kalaliwa na askari wanne. Ukipima damu imejaa asidi. Moyo wa huyo unaweza kusimama saa yoyote, na mtu akiniuliza ni shoti, ni dawa, au ni yale magoti mgongoni, mimi sitamjibu kwa kubahatisha.

#7 Lindo la Usiku
Mimi nilipigwa kwa hiari kwenye mafunzo ya ulinzi. Wenzangu wawili wamenishika makwapani nisianguke, mwalimu kasimama nyuma yangu. Akili inakuwa timamu kabisa, unasikia kila neno, ila mwili haukutii, mgongo wote umekaza, meno yamebana, pumzi imeishia kooni, unatamani kusema basi na basi haitoki. Ikikata tu maumivu yanaisha, unasimama unacheka na wenzio. Kwahiyo mkiniambia inaua mimi nakataa, nimeionja.

#8 Mama Kulwa
Kaka Lindo pole kwa hiyo shoti ila angalia ulivyopigwa. Ulishikwa usianguke, ulikuwa hujalewa, hujakimbizwa, ulijua inakuja, ulipigwa mgongoni tena mara moja. Mtu wa barabarani anapigwa kifuani huku anakimbia kwenye lami, moyo tayari unadunda kwa hofu. Hata ile ripoti ya wizara ya sheria ya Marekani ya 2011 ambayo polisi wanaipenda sana, waliandika kwamba hakuna ushahidi thabiti wa hatari kubwa kwa mtu mwenye afya njema, asiye na taharuki na asiyelewa. Sasa niambie polisi wanampiga shoti nani aliye hivyo? Mtu mwenye afya, mtulivu na asiyelewa unamwambia geuka nikufunge pingu, anageuka.

#9 Lindo la Usiku
Dada hapo umenibana. Ila bado, mbadala ni nini? Rungu linavunja mifupa, risasi inaua moja kwa moja. Utafiti wa 2009 Marekani ulichukua matukio zaidi ya 24,000 ya polisi kutumia nguvu kutoka idara 12, ukakuta penye Taser uwezekano wa mtuhumiwa kuumia ulipungua kwa asilimia 65. Na askari pia waliumia zaidi kule wanakoingia mieleka. Hao ambao hawakuumia hamuwahesabu kwa sababu hakuna anayewaandika gazetini.

#10 Mwanafunzi wa Moyo
Niongeze upande wa moyo maana ndo ninakosoma. Mwaka 2012 Douglas Zipes, daktari wa moyo mkubwa tu kule Indiana, alichapisha kwenye jarida la Circulation kesi 8 za watu waliopigwa kishale kifuani wakapoteza fahamu muda huohuo, na waliopimwa wengi walikutwa moyo unatetemeka ovyo badala ya kusukuma damu. Hoja yake ni kwamba vishale vikikaa karibu na moyo ile midundo inaweza kuuteka, unafuata mdundo wa bunduki badala ya mdundo wake, na ukilazimishwa kukimbia hivyo unavurugika. Na kabla ya hapo, Oktoba 2009, kampuni yenyewe inayotengeneza Taser iliwatangazia polisi waepuke kifua wakiweza, walenge chini ya kifua au mgongoni. Kama hakuna tatizo kifuani kwa nini walihamisha shabaha?

#11 Jicho la Tatu
Mwanafunzi weka na upande wa pili basi. Zipes alikuwa analipwa kama shahidi mtaalamu na familia zinazoishtaki kampuni, alisema mwenyewe kwenye andiko lake. Na kesi 8 dhidi ya watu mamilioni waliopigwa ni tone.

#12 Mwanafunzi wa Moyo
Sawa, na aliyeongoza kumpinga ni Mark Kroll, ambaye alikuwa kwenye bodi ya kampuni hiyohiyo. Kwahiyo tukianza kutupa watu kwa sababu ya maslahi tutabaki na karatasi tupu. Na hoja ya tone haishiki, hapa hakuna anayesema shoti zote zinaua, swali ni kama INAWEZA kuua na lini.

#13 Jicho la Tatu
Kwenye lini hapo tuko pamoja. Afu Mdadisi ile namba yako ya Reuters umeikata katikati. Walisema vifo zaidi ya 1,000 BAADA ya Taser, wakaeleza kwamba kwenye vifo 153 ndipo madaktari wa uchunguzi wa maiti walitaja Taser kama chanzo au moja ya vyanzo. Kwenye vingine zilitajwa dawa za kulevya, moyo, kukabwa, majeraha mengine.

#14 Mdadisi
Jicho, sijaikata, nimesema waliokufa baada ya kupigwa. Na hao 153 kwako ni wachache? Silaha iliyoandikwa isiyoua kwenye tangazo. Afu daktari wa uchunguzi wa maiti anafanyia kazi taarifa za polisi, polisi wasipomwambia mtu alipigwa mara ngapi na kwa sekunde ngapi ataandika nini?

#15 Mzee wa Kandanda
Mmenikumbusha Dalian Atkinson. Vijana hamumjui, huyu alicheza Aston Villa, lile goli lake dhidi ya Wimbledon mwaka 1992, alianza na mpira nyuma huko akapita watu akamchipu kipa kutoka mbali, likawa goli bora la msimu. Agosti 2016 aliuawa Telford nje ya nyumba ya baba yake. Alikuwa mgonjwa, moyo na figo, na usiku ule hakuwa sawa kiakili. Polisi walimpiga shoti sekunde 33 mfululizo, ile ya kawaida ni 5 kama Fundi alivyosema, akaanguka, alafu askari akampiga mateke ya kichwa. Askari yule, Benjamin Monk, alikutwa na hatia ya kuua bila kukusudia 2021 akapewa miaka 8. Naumia sana nikikumbuka, mtu mmeangalia goli lake mkapiga kelele wote.

#16 Siti ya Dirishani
Lile goli shabiki alimfuata na mwavuli akamfunika hahaha. Pumzika mwamba.

#17 Lindo la Usiku
Mzee wa Kandanda hapo sasa ni mateke ya kichwa yameua au shoti? Maana mnaiweka kwenye hesabu ya Taser.

#18 Mama Kulwa
Vyote kaka! Shoti ya sekunde 33 ndio iliyomlaza chini akawa hawezi hata kukinga kichwa kwa mikono. Ndio shida ya kutenganisha hivi vitu, kila mtu anachukua kipande chake anasema hiki hakikuua, mwisho mtu amekufa na hakuna kilichomuua.

#19 Fundi Saketi
Hapa Mama Kulwa kasema kitu. Chama cha wakuu wa polisi na watafiti Marekani, PERF, mwongozo wao wa 2011 ulisema mtu mmoja asizidishiwe jumla ya sekunde 15, na kila shoti askari asimame aangalie kama bado kuna sababu ya kupiga nyingine. Mafunzo yanasema piga, funga pingu wakati bado amekakamaa, acha. Kinachotokea mitaani ni askari anapiga anasubiri mtu "atii", huyu hawezi kutii kwa sababu misuli sio yake tena, askari anaona anakaidi anampiga tena. Uwanja wa ndege wa Vancouver Oktoba 2007, Robert Dziekański mhamiaji kutoka Poland, alikaa mle saa nyingi hajui Kiingereza hana wa kumsaidia, polisi walivyofika akawa ameshika stepla ya karatasi. Walimpiga mara 5, akafa sakafuni. Ingekuwa hakuna abiria aliyerekodi video tungeambiwa alikuwa anapambana, na kweli askari wawili walikuja kufungwa kwa kuidanganya tume ya uchunguzi ya jaji Braidwood. Tume hiyo ilisema wazi kwamba silaha hii inaweza kuua, na kwamba kwa Dziekański haikustahili kutumika.

#20 Binti Mhariri
Mnaongelea moyo tu, mbona kuanguka hamkutaji? Mtu akikakamaa hawezi kunyoosha mikono kujizuia, anakwenda chini mzimamzima na kichwa kinatangulia. Australia, mji wa Cooma, Mei 2023, bibi wa miaka 95 kwenye makazi ya wazee, akili imeanza kupotea, anatembea kwa kushikilia kigari cha kutembelea, mkononi ana kisu cha mezani. Askari akampiga Taser. Bibi alianguka akapiga kichwa, damu ikavujia kwenye ubongo, akafa baada ya wiki moja. Hapo huhitaji mjadala wa moyo wala madawa ya kulevya. Askari alikutwa na hatia ya kuua bila kukusudia, jela hakwenda.

#21 Chachu
Miaka 95!! Hata mtoto angemnyang'anya kile kisu kwa kuongea naye tu.

#22 Msomaji Kimya
Sijawahi kuchangia ila hii imenigusa. Mdogo wangu ana kifafa. Alianguka barabarani, degedege limemkamata, watu wakaita polisi wakidhani kalewa. Askari walimwambia atulie, mtu wa kifafa anatulia vipi, wakampiga shoti akiwa chini. Nilifika akiwa na pingu, suruali imelowa, anauliza ni siku gani leo. Amepona mwili ila kifafa kimezidi tangu siku ile na sasa hivi hataki kutoka peke yake. Tulipolalamika tukaambiwa alikuwa anarusha mikono kuwashambulia. Naomba kuuliza Nesi, shoti inaweza kuchochea kifafa?

#23 Nesi wa Zamu
Pole sana ndugu yangu na mpe pole mdogo wako. Kuna kesi zilizoandikwa za watu kupata degedege baada ya kishale kupiga kichwani. Kwa aliyepigwa mwilini siwezi kukwambia kutoka hapa, hofu, kukosa usingizi na kuruka dozi navyo vinaongeza degedege, na baada ya tukio kama lile vyote vitatu huja pamoja. Mpeleke kwa daktari wake wa mishipa ya fahamu, mwambie tukio lote na tarehe, alinganishe na idadi ya degedege kabla. Na avae bangili ya mkononi iliyoandikwa ana kifafa.

#24 Jicho la Tatu
Pole mkuu #22. Hilo ni kosa la askari, sio la kifaa.

#25 Mdadisi
Jicho kila tukio unasema ni askari sio kifaa. Ila kifaa kinambadilisha askari! Kikosi cha polisi cha City of London walifanya jaribio na watafiti wa Cambridge, matokeo yakatoka 2018: zamu zilizokuwa na askari wenye Taser matumizi ya nguvu yalikuwa juu kwa asilimia 48 kuliko zamu ambazo hawakubeba. Ukiwa nayo kiunoni unaacha kuongea na mtu mapema. Nao askari wakavamiwa zaidi, maana mtu akiona silaha naye anapandwa.

#26 Lindo la Usiku
Ila kumbuka kwenye jaribio hilo Taser zenyewe zilifyatuliwa mara chache sana, nguvu iliyoongezeka sehemu kubwa ni mikono na pingu. Usiiseme kana kwamba walikuwa wanamwaga shoti.

#27 Wakili wa Jirani
Kuna hatari nyingine mbili mmeziruka. Ya kwanza, kuchanganya silaha. Aprili 2021 Minnesota, askari Kim Potter mwenye uzoefu wa miaka zaidi ya 20 alipiga kelele "Taser" huku mkononi kashika bastola, akamuua Daunte Wright kwa risasi. Alihukumiwa miaka miwili jela. Ndio maana vikosi vingi Taser ni ya njano na inakaa upande wa mkono usiotumika kwa bastola, na bado ikatokea. Ya pili ni moto. Cheche zikikutana na petroli au ile dawa ya kutakasa mikono yenye spiriti, mtu anawaka. Catskill, New York, 2021, jamaa alijimwagia hiyo dawa ndani ya kituo cha polisi, wakampiga shoti, akawaka moto, akafa baadae hospitali.

#28 Siti ya Dirishani
Kituoni kabisa?? Duh.

#29 Fundi Saketi
Na ya tatu ni kushindwa. Vishale viwili vinatoka kwa pembe, kwenye modeli za zamani ni nyuzi kama 8, maana yake kila futi 7 za umbali vinaachana futi 1. Ukipiga mtu aliye karibu sana vinakaa pamoja, vinashika misuli kidogo tu, anapata maumivu na hasira, haanguki. Akivaa koti nene kishale kimoja kikinasa kwenye kitambaa saketi haijakamilika. Waandishi wa APM, chombo cha habari cha Marekani, walikuta kati ya 2015 na 2017 zaidi ya watu 250 Marekani waliuawa kwa risasi za polisi baada ya Taser kushindwa kuwaangusha. Kwahiyo ile hoja ya "Taser inaokoa watu wasipigwe risasi" ipo, ila kuna wakati Taser iliyoshindwa ndiyo iliyoleta risasi. Mtu alikuwa amesimama, kapigwa shoti nusu, kapandwa na mori, kamkimbilia askari, kauawa.

#30 Mwanafunzi wa Moyo
Afu kuna lile neno lililotumika miaka kufunga mafaili, kwamba marehemu alikuwa na "msisimko wa kuchanganyikiwa" (excited delirium) ndio uliomuua. Chama cha madaktari wa dharura Marekani kililibariki 2009 na mwaka 2023 wakaliondoa, California nao mwaka huohuo wakalipiga marufuku kuandikwa kama sababu ya kifo. Kwahiyo vifo vya zamani vilivyoandikwa hivyo vingefunguliwa upya, hesabu ya Jicho ya 153 isingebaki pale.

#31 Jicho la Tatu
Ingeweza kupanda, ingeweza pia kuhamia kwa waliokuwa wanakalia watu migongo. Huwezi kuzihamishia zote kwa Taser bila kufungua faili moja moja. Na utafiti wa California wa 2009 ambao mnaupenda, ule wa miji iliyoanza kutumia Taser, vifo vya ghafla mikononi mwa polisi viliruka mara 6 mwaka wa kwanza, KISHA vikarudi vilipokuwa. Kama ni kifaa kinaua kwa nini vilirudi chini na kifaa bado kipo?

#32 Mama Kulwa
Kwa sababu walijifunza baada ya kuzika watu! Hiyo ndio hoja yako ya kutetea?

#33 Lindo la Usiku
Dada ndio hivyo mafunzo yanavyofanya kazi, sio kutetea.

#34 Msomaji Kimya
Asante Nesi nimeandika. Swali kwa Wakili, tunawezaje kujua alipigwa mara ngapi? Karatasi ya polisi inasema mara moja, mgongoni na pajani kuna alama nne.

#35 Wakili wa Jirani
Alama nne za vishale ni jozi mbili, isipokuwa kama waliikandamiza moja kwa moja mwilini bila vishale, hiyo nayo huacha alama mbili zilizokaribiana. Picha mlipiga? Taser za kisasa zina kumbukumbu ndani, kila kifyatulio kikivutwa inaandika tarehe, saa na sekunde ngapi. Andikeni barua kuomba kumbukumbu hiyo kamili ya siku ile na isifutwe, bakini na nakala iliyopokelewa kwa muhuri. Msiombe kwa mdomo. Na cheti cha hospitali cha siku ile kinachotaja alama ni cha muhimu kuliko maelezo yenu.

#36 Fundi Saketi
Naongezea, ile kumbukumbu inasema kifyatulio kilivutwa, haisemi umeme uliingia mwilini. Modeli nyingine zinarekodi na mkondo uliopita, za zamani hazirekodi. Na saa ya kifaa inaweza kuwa mbele au nyuma kwa dakika kadhaa, kwahiyo muombe na video ya kamera ya kifuani ya askari mlinganishe sauti ya mlio na muda. Mkuu uliza ni modeli gani walikuwa nayo, nitakuelekeza usomaji wake.

#37 Msomaji Kimya
Picha zipo. Modeli siijui, ilikuwa ya njano na nyeusi, nitauliza.